Mgonjwa wa saratani akiambiwa anahitaji mashine ya kupumulia: yaliyotukuta na mdogo wangu

Mdogo wangu alikuwa na limfoma, yani saratani ya tezi, mapafu yakagoma katikati ya kemo, zile dawa za saratani, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na leo hii yupo Morogoro anafundisha hesabu kidato cha pili na analalamika kwamba watoto hawajui kugawanya. Naanza na mwisho makusudi, mana najua anayesoma hii pengine yuko kwenye benchi nje ya ICU saa hizi na hana moyo wa kungoja stori ifike kikomo ndo ajue kama mtu alipona. Alipona. Ila pia pale nje niliwaona ambao hawakupona, na wengine ambao mashine isingewasaidia chochote, nao nitawaongelea.

Matibabu yake yalikuwa ule mchanganyiko wanaouita CHOP, dozi moja kila wiki tatu, na ndani yake kuna vidonge vya prednisoloni, aina ya steroidi, anavyomeza siku tano mfululizo kwa dozi kubwa. Dozi za mwanzo alizibeba vizuri kabisa, nywele zilitoka, mdomo ulikuwa na vidonda, lakini anaenda kazini. Baadaye akaanza kikohozi kikavu. Hakina makohozi, hakina damu, kinamsumbua tu usiku. Halafu akawa anapumzika akitembea kutoka geti la shule mpaka ofisi ya walimu, yeye akasema ni kemo hiyo, mama akasema hana damu na kuanza kumtengenezea juisi ya rozela na bitiruti kila siku, walimu wenzake wakampunguzia vipindi. Yani kila mtu alikuwa na jibu na hakuna aliyebeba hilo swali kulipeleka kliniki. Nalisema hili kwa herufi kubwa kichwani mwangu: mtu aliye kwenye kemo akianza kuishiwa pumzi kwa kazi aliyokuwa anaifanya vizuri wiki mbili nyuma, hiyo sio uchovu wa kemo mpaka daktari aliyempima aseme hivo.

Ikaja homa, kama siku ya kumi baada ya dozi. Sasa hapa kuna jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa wa kemo inatakiwa kulijua kama inavyojua jina la mgonjwa wao. Kemo inaua seli za saratani lakini inaangusha pia seli nyeupe za damu, na zinafika chini kabisa kama wiki moja hadi mbili baada ya dozi. Kipindi hicho joto likifika 38 ni dharura, sio ya kesho asubuhi, ya saa hiyohiyo, anatakiwa apate antibayotiki za mshipani ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Sisi tulienda zahanati ya karibu. Kipimo cha malaria kikasoma hana, akapewa dawa mseto ya malaria hata hivo, pamoja na panadol. Sio kwamba yule tabibu alikuwa na roho mbaya, kwetu homa ni malaria hata kama kipimo kimekataa, na mgonjwa mwenyewe alipoingia alisema tu "naumwa homa", hakusema yuko kwenye kemo. Panadol ikashusha joto, wote tukalala usingizi mzuri, na ugonjwa ukaendelea na kazi yake.

Kwaiyo nunueni kipimajoto, ni bei ya kawaida tu famasi. Na muombeni daktari wa saratani awaandikie barua fupi inayosema mgonjwa huyu yuko kwenye kemo ya aina hii, akija na homa afanyiwe hivi na hivi, na namba ya kupiga. Barua hiyo ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Daktari wa zamu usiku wa manane hawezi kubishana na barua ya mwenzake.

Usiku uliofuata alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. Hospitali ya mkoa wakambana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kilichopata umaarufu kipindi cha Uviko, ikasoma 84, wakati mtu mzima anatakiwa awe 95 kwenda juu. Wakampa oksijeni, wakaanza antibayotiki, wakasema huyu aende Dar. Kilomita kama 190. Hela ya ambulansi na mafuta tuliilipa palepale, na nashukuru muuguzi mmoja aliyenivuta pembeni akaniambia dada, kabla hamjatoka angalia geji ya mtungi na uliza kama kuna mtungi wa akiba. Haukuwepo. Tulisubiri ukaletwa. Tulipokwama kwenye foleni ya Kimara mtungi wa kwanza ulikuwa unakata, nikamkumbuka yule muuguzi mpaka nikalia.

Mapokezi ya dharura Dar ndipo nilipokutana na lile neno. Daktari kijana, kachoka, alisoma faili akatuangalia akasema, mgonjwa ni wa saratani, anaelekea kuhitaji mashine, vitanda vya ICU ni vichache, nyie kama familia mjitafakari. Baba mdogo, ambaye naye alikuja kutoka Kimara, akadakia hapohapo, wanangu, hawa wakishawekwa mashine huwa hawatoki, tumrudishe nyumbani akafie mikononi mwa mama yake. Mama hakusema kitu. Mi nilikuwa nimeshika begi lenye nguo zake na sikujua niliweke wapi.

Kilichogeuza mambo ni daktari bingwa wa damu kushuka asubuhi akiwa na daktari wa ICU, na walichofanya ni kuuliza maswali ambayo naomba kila anayesoma ayashike. Saratani yenyewe ni ya aina gani, na bado ina tiba? Jibu: limfoma inayoitikia dawa, uvimbe wa shingoni ulikuwa umenywea, lengo lilikuwa kuponya kabisa. Mgonjwa alikuwa na hali gani mwezi uliopita, analala kitandani kutwa nzima au anafanya shughuli zake? Anafundisha. Kilichoharibu mapafu ni nini, na kinatibika? Hapo wakasema hatujui bado lakini inaelekea ni maambukizi, na maambukizi yanatibika. Na viungo vingine je, figo, ini, presha? Vinafanya kazi. Daktari wa ICU akasema basi anaingia.

Saratani ilikuwa swali moja tu kati ya hayo, na halikuwa zito kuliko mengine. Hilo ndo lilinishangaza.

Usiku ule kwenye benchi nikaanza kusoma kwenye simu mana maneno ya baba mdogo yalikuwa yananichoma. Nikaona kumbe hakuyatoa hewani. Miaka ya 1980 na 1990 ripoti nyingi za Ulaya na Marekani zilionyesha wagonjwa wa saratani waliowekwa mashine zaidi ya robo tatu walifia hospitalini, na kulikuwa na madaktari waliosema wazi kwamba kuwaweka ni kuwatesa. Ila mambo yamebadilika. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha karibu nusu wanatoka hospitali wakiwa hai, kutegemea ugonjwa na nchi. Nusu sio namba ya kufurahisha, najua, lakini nusu na sifuri ni vitu viwili tofauti sana ukiwa pale nje. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2017, wagonjwa 1,611 wenye kinga dhaifu kutoka nchi 16, wote mapafu yamefeli, na moja ya vitu vilivyoonekana ni kwamba wale ambao chanzo cha mapafu kufeli hakikujulikana walikufa zaidi. Hapo nikaacha kuuliza "atapona?", swali ambalo hakuna daktari anaweza kulijibu, nikaanza kuuliza kila asubuhi "mmeshajua ni nini?"

Namba hizo ni za wenzetu wenye vitanda na maabara za kutosha, hilo nalijua. Huku kwetu zile hela za mkopo wa IMF wa 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ilijenga ICU na kununua vifaa kwenye hospitali nyingi tu, ila muuguzi aliyebobea kwenye ICU hapatikani kwa mwaka mmoja kama jengo. Ukipata timu inayokueleza mambo, ishike.

Hawakumtia mpira kooni moja kwa moja. Walianza na oksijeni nyingi ya puani, halafu barakoa ya kubana usoni inayosukuma hewa. Ile barakoa ni mateso, inabana pua, inakausha macho, anahisi anazama, alikuwa anaing'oa. Sisi ndugu tukawa tunamsihi vumilia, vumilia, tukiamini akivumilia ataepuka mashine kubwa. Daktari akatukata, akasema jamani kung'ang'ania barakoa wakati mgonjwa anaendelea kuchoka kunamuongezea hatari, akifika kwenye mpira akiwa amekwisha kabisa ndo anafia hapo. Bora kuingia mapema kwa utulivu kuliko kwa mbio saa tisa usiku. Niliposoma baadaye nikakuta ndivyo ilivyo, wanaoshindwa kwenye barakoa kisha wakachelewa hali yao inakuwa mbaya zaidi.

Kabla hawajamlaza kwa dawa wamtie mpira walitupa dakika chache. Akanitajia namba ya siri ya M-Pesa, akamwambia mama asithubutu kuuza ng'ombe, akasema maamuzi amuachie dada. Yani mimi. Hayo maneno yaliniokoa siku za mbele, mana ukoo ulipoanza kuvutana kila mmoja na lake, daktari aliuliza tu, mgonjwa alimtaja nani? Mkipata hiyo nafasi itumieni kwa hayo, mengine mtasema akiamka.

Halafu tukakubaliana kitu na wale madaktari ambacho kilinipa usingizi kidogo. Walisema tutampa kila kitu bila kubania kwa siku kadhaa, kisha tutakaa tena tuangalie anaelekea wapi. Kumbe huu utaratibu una historia yake, madaktari wa Paris waliuandika 2007, waligundua kwamba siku ya kuingia ICU hakuna kipimo kilichoweza kuwatenganisha watakaopona na watakaokufa, tofauti ilianza kuonekana kuanzia siku ya tatu, kwa kuangalia viungo vinazidi kufeli au vinajirudi. Kwaiyo usikubali mgonjwa akatiwe tamaa mlangoni kama alikuwa na nguvu zake na saratani ina tiba. Lakini na wewe usiombe mashine isiyo na mwisho. Omba muda wenye kikao mbele yake.

Picha ya CT ilionyesha mapafu yana ukungu pande zote mbili. Daktari akasema anawaza aina ya nimonia ya fangasi ambayo wengi tunaijua kutokana na wagonjwa wa Ukimwi wa zamani, PCP, na kwamba prednisoloni ya kwenye kemo nayo inafungua mlango kwa ugonjwa huohuo. Hakungoja uthibitisho wote, akaanza dawa huku antibayotiki zinaendelea. Mnajua dawa yenyewe? Septrini. Septrini hii hii ya kwenye kabati la kila nyumba, ila kwa dozi kubwa sana. Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka mlinzi akaniangalia. Dawa ya bei ya soda. Na inatolewa pia kama kinga, dozi ndogo, kwa baadhi ya wagonjwa wa kemo zenye steroidi, inategemea aina ya saratani na dawa nyingine wanazotumia. Mkiwa kliniki ulizeni: mgonjwa wetu anahitaji Septrini ya kinga? Inawezekana jibu ni hapana, ila liulizwe.

Siku moja tukaingia tukamkuta kalazwa kifudifudi, uso umevimba, macho yamefumba kama ya bondia. Picha ikavuja kwenye grupu la ukoo, na ndani ya saa moja kuna shangazi kaandika poleni sana kwa msiba. Kumbe kifudifudi ni tiba, hewa inafika kwenye sehemu za mgongoni za mapafu zilizojifunga, wanamgeuza kwa masaa 16 hivi halafu wanamrudisha. Wafaransa waliipima 2013 kwa wagonjwa 466 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya, vifo vikapungua nusu. Picha za ICU msizitume kokote. Andika maneno mawili matatu asubuhi na jioni, mtu mmoja tu ndo aandike.

Pesa. Bima ilibeba kitanda na vipimo vingi, lakini kila asubuhi unaletewa karatasi ya vitu ambavyo havipo au havimo kwenye bima, mara dawa ya fangasi, mara kifaa cha kunyonya makohozi, mara albumini, protini ya kutundikiwa mshipani. Ongeza chakula, gesti ya mama, nauli za wanaokuja kuona. Walimu wenzake walichanga, kanisa likachanga, na bado tulikopa. Kilichotusaidia ni kwamba anayeshika hela hakuwa mimi niliyekaa hospitali, alikuwa binamu yetu ambaye ni mhasibu na hana huruma, kila senti ina risiti kwenye grupu. Siku nzima umelia halafu usiku uanze kujibu hela zimeenda wapi, hapana. Kuna hospitali binafsi pia tuliulizia wakati tunahofia kitanda, wakataka deposit ya mamilioni kabla mgonjwa hajashuka kwenye gari, tukaacha. Na kwa wanaotaka kusaidia ila hawana hela, waje wachangie damu, kwa mgonjwa wa kemo damu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaisha haraka mno.

Mafuta ya upako acheni nyumbani. Shangazi alitaka kumpaka usoni, muuguzi akamzuia kwa ukali tukadhani anadharau imani yetu. Mafuta na oksijeni nyingi ni moto. Mchungaji aliomba bila mafuta na Mungu alisikia vilevile.

Pale benchi alikuwepo mama mmoja wa Tanga na kaka zake, baba yao alikuwa na saratani ya mapafu iliyoshaingia kwenye mifupa, miezi alikuwa hanyanyuki kitandani, kemo ilishasimamishwa. Maswali yaleyale waliulizwa, majibu yakawa mengine. Hawakumuweka mashine. Walibaki wodini na oksijeni ya kawaida na morfini ya maji, ambayo mi nilidhani ni ya maumivu tu kumbe inatuliza na kule kuhema kwa hofu. Mzee aliongea na wanae mpaka karibu na mwisho, na yule mama aliniambia kitu kinachomuuma ni maneno ya watu kwamba "mlimuacha". Hawakumuacha. Kama ningekuwa nafasi yake ningefanya hivohivo, na ningewajibu watu vibaya kuliko alivyowajibu yeye.

Kwetu mambo yakaanza kujirudi taratibu. Oksijeni ya mashine ilikuwa inashushwa, kutoka karibu asilimia mia mpaka arobaini, mkojo unatoka vizuri, dawa za kuinua presha zikaondolewa. Kwenye kile kikao tulichoahidiana daktari alisema tunaendelea, na mama kwa mara ya kwanza akala wali wote uliokuwa kwenye sahani. Mpira ulitolewa asubuhi. Sauti ilikuwa kama ya chura.

Hakuna aliyetuandaa kwa kilichofuata. Mtu karudi lakini sio yeye. Alikuwa anawaona wanafunzi wake kwenye dari wanadai matokeo, anatukana wauguzi, yeye ambaye hajawahi kutukana, ananiuliza kwa nini nimemuuza. Tulidhani ubongo umeharibika. Wakasema ni kuchanganyikiwa kwa ICU, hutokea kwa wengi, mrudishieni miwani yake, saa ya ukutani, mwambieni ni siku gani, alale usiku na akae macho mchana. Ikapita. Misuli ndo haikupita haraka, alishindwa kushika kijiko, kusimama ilikuwa ni mradi wa watu wawili. Mazoezi ya viungo yaanze kitandani na yaendelee nyumbani kwa miezi, msikubali aletewe kila kitu mkononi kwa huruma. Mama alikuwa mgumu sana kwenye hilo, bado anamkatia nyama.

Nilikuwa naandika kwenye daftari kila siku kilichotokea, kwa ajili ya kumbukumbu ya dawa tu. Kumbe ndo kitu alichokuja kukihitaji zaidi, mana hakumbuki chochote na vile vipande anavyokumbuka ni vya kutisha. Tulikaa tukasoma ukurasa kwa ukurasa, hapa walikugeuza, hapa ndo uliona mtu anakukaba, alikuwa ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, anakutoa makohozi. Usingizi ulianza kurudi baada ya hapo.

Kemo iliahirishwa, kisha akamaliza zilizobaki akiwa na Septrini ya kinga, na vipimo vya mwisho havikuona uvimbe. Alipopata nguvu nilimuuliza swali nililokuwa naliogopa: ikitokea tena, nifanyeje? Alifikiri siku nzima. Akasema mashine atakubali tena kama kuna kitu kinachotibiwa na kama watamwambia mama ukweli kila baada ya siku chache. Kama limfoma imerudi na dawa hazipo, asipelekwe ICU, apewe morfini na dirisha lifunguliwe. Tumeyaandika hayo, nakala moja iko kwenye faili la kliniki na nyingine kwenye pochi yake na ile barua ya daktari. Baba mdogo amesaini kama shahidi, huku analalamika kwamba tunaita mabaya.